Kuzamia kwa Mtungi Mombasa Ukiwa na Selimundu au Shida Nyingine ya Damu

Pwani yetu ina watu wengi wanaobeba selimundu kwenye damu, na ina bahari inayowavuta watu kila msimu kuvaa mtungi wa hewa na kuzamia. Mambo haya mawili hukutana Nyali, Bamburi na Shanzu kaskazi nzima, na mara nyingi hakuna anayeuliza. Mzamiaji hajui hali yake, mwalimu hajui kwamba hajui, na mashua inang'oa nanga.

Wingi huo una sababu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka 1949, akakuta selimundu imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, huku nyanda za juu ikiwa adimu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Mbu wa pwani ndio waliotuachia urithi huu. Kwa hiyo ukiwa Mdigo, Mgiriama, mtu wa Mji wa Kale au Mluo uliyezaliwa Changamwe, swali la damu linakuhusu hata kama hujawahi kulazwa.

Haya ni kwa yeyote mwenye selimundu, upungufu wa damu au damu isiyoganda vizuri, anayetaka kuzamia Mombasa au ameshalipia. Ruhusa hutoka kwa daktari. Nia yangu ni ufike kwake ukijua cha kumwuliza, na ufike kwenye mashua ukijua cha kusema.

Hatua ya 1: Pata jina kamili la hali yako

Kusema “nina sikoseli” hakutoshi. Kipimo cha haraka kinachofanywa katika maabara nyingi za mitaani huonyesha tu kwamba himoglobini S, ile ya selimundu, imo ndani ya damu. Hakiwezi kumtenga mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja na yule aliyeirithi kwa wote wawili, na kwa mzamiaji tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Wako watu wazima wanaoamini ni wagonjwa kumbe ni wabebaji, na wako wanaojiita wabebaji kwa sababu tu wakiumwa hawaumwi sana.

Omba kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini, kinachoitwa elektroforesi. Uliza hospitali kubwa kama ile ya rufaa ya Coast General, au hospitali za binafsi zenye maabara kamili. Ukiwa upande wa Kilifi, hospitali ya kaunti ina kliniki ya selimundu, na watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wameifuatilia hali hii huko kwa miaka mingi. Jibu litarudi na herufi. AA ni damu isiyo na S. AS ni mbebaji. SS ni mwenye ugonjwa wenyewe. Wako pia waliorithi S kwa mzazi mmoja na thalasemia (shida nyingine ya damu ya kurithi) kwa mwingine, na hao kwa habari ya bahari wahesabiwe pamoja na SS mpaka daktari wa damu aseme vingine.

Siku hiyohiyo pima wingi wa damu. Karatasi zote mbili ziweke, na uzipige picha zikae kwenye simu.

Hatua ya 2: Soma jibu linalokuhusu, hata kama hulipendi

Kwanza ujue maji yanafanya nini mwilini. Kila mita 10 unazoshuka huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mita 10 ni mara mbili, mita 30 ni mara nne. Hewa ya mtungini ni hii hii tunayovuta, naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21. Kadiri unavyoshuka, naitrojeni huyeyuka ndani ya damu na nyama za mwili. Ukipanda polepole hutoka kupitia pumzi. Ukipanda haraka hutoka kwa viputo humohumo mwilini, na viputo huumiza viungo, huziba mishipa midogo, na vikifika kwenye uti wa mgongo vinaweza kumpoozesha mtu.

*Ukiwa SS.* Ushauri wangu ni usizamie na mtungi. Nasema hivi nikijua uchungu wake, maana wengi wenye SS siku hizi wanatunzwa vizuri, wanakunywa dawa ya haidroksiurea, wanafanya kazi na kulea watoto, na hawapendi kuambiwa hapana kila wanapogeuka. Lakini chembe zao nyekundu zinaweza kukakamaa na kupinda kama mundu zikaziba mishipa ileile ambayo viputo huiziba. Watu hudhani hatari iko kwenye kukosa oksijeni huko chini. Kumbe ukivuta hewa ya mtungi mita 10, oksijeni inayoingia ni maradufu ya ile ya juu. Hatari iko kwenye baridi, kukaukiwa, kupigana na mkondo na kuishiwa hewa. Mapafu yaliyowahi kuugua na kubaki na makovu yanaweza kunasa hewa, na hewa iliyonaswa hutanuka unapopanda. Isitoshe, selimundu huweza kuua mfupa wa nyonga, na kuzamia sana kunaweza kuuua mfupa huohuo kwa njia yake. Hakuna dawa ya kila siku inayofuta hayo yote.

Bahari haijafungwa kwako. Ndani ya mwamba, katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986, matumbawe na samaki wengi huonekana kutoka juu kabisa. Panda mashua yenye sakafu ya kioo, au elea na miwani na mrija ukiwa umevaa jaketi, maji yakiwa tulivu na yenye joto, na mtu pembeni yako. Usipige mbizi ya kubana pumzi. Hapo ndipo oksijeni hushuka kweli, na kwa SS hiyo ni mbaya kuliko mtungi.

*Ukiwa AS.* Wengi wa wabebaji huruhusiwa na huzamia bila tatizo. Yapo mambo mawili ya kuangalia. Figo za mbebaji mara nyingi hazijui kubakiza maji mwilini vizuri, hivyo hupoteza maji haraka kuliko mwenzake. Na kazi nzito ya ghafla kwenye joto kali imewahi kuwaangusha wabebaji waliokuwa wazima kabisa, wakiwamo wanariadha na askari kwenye mazoezi. Kama umewahi kukojoa damu, kuanguka mazoezini, au kupata maumivu makali ubavu wa kushoto ulipopanda mlima, mwambie daktari hayo kabla ya mengine yote. Kubana pumzi kwa mashindano pia kuache.

*Ukiwa na upungufu wa damu.* Tibu kwanza, bahari itakungoja. Mwanaume mwenye himoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, wana upungufu kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Tafuta chanzo: minyoo, hedhi nzito, malaria, vidonda vya tumbo. Mtu anayehema akipanda ngazi za ghorofa mbili hafai kubeba mtungi na mkanda wa uzito kupanda mashua inayoyumba. Mjamzito asizamie na mtungi kabisa, damu yake iwe nzuri au la.

*Ukiwa na hemofilia (ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda), au unatumia warfarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda.* Hapa adui wa kwanza ni sikio. Asiyesawazisha masikio anaposhuka huweza kuvuja damu ndani ya sikio au kwenye nafasi za hewa ndani ya mifupa ya uso. Kwa mwingine ni jambo la wiki moja, kwako laweza kuwa la hospitali. Viputo vikifika kwenye uti wa mgongo, kuvuja damu huongeza madhara. Hemofilia kali na mtungi haviendi pamoja. Anayetumia warfarini asifikirie bahari kabla vipimo vya kuganda kutulia kwa muda, na kabla daktari hajaangalia kilichomfanya apewe dawa. Huenda ugonjwa ule, kama damu kuganda mguuni au moyo, ndio unaokataza.

Hatua ya 3: Jaza fomu kwa ukweli

Kabla ya mbizi utapewa fomu ya afya. Ile inayotumika na vituo vingi duniani ilifanyiwa marekebisho mwaka 2020, na swali lake la kwanza kabisa linataja mapafu, pumzi, moyo na damu. Hapo ndipo watu huharibu. Unamwona kijana ameinama juu ya meza na kalamu, na rafiki yake nyuma ananong'ona, “We weka hapana tu, tutachelewa mashua.” Rafiki huyo hatakuwa na wewe ndani ya chumba cha dharura. Akiwepo, hatajua kueleza.

Ukijibu ndiyo hufukuzwi. Unaelekezwa kwenye maswali zaidi, na pengine kwa daktari ambaye atatia sahihi. Ndiyo maana fomu usiijazie ufukweni saa mbili asubuhi. Iombe wiki mbili kabla. Kiingereza cha kitabibu kikikushinda, kaa na mtu akusomee swali moja moja kwa Kiswahili. Mbebaji ambaye hajawahi kuumwa anaweza kusoma swali lile akaona halimgusi, kwa kuwa linauliza matatizo yaliyoathiri uwezo wake. Hata hivyo mwambie mwalimu kwa mdomo, na uandike AS pembeni ya jina lako.

Madaktari wengi wazuri hawajawahi kumwona mzamiaji. Si aibu yao. Mpelekee karatasi ya elektroforesi, himoglobini ya karibuni, orodha ya dawa, na ile sehemu ya fomu iliyoandikwa kwa ajili ya daktari. Mwulize wazi: je, viungo vyangu, mapafu na nyonga vina dalili ya kudhurika? Je, naweza kuogelea kwa nguvu dakika kadhaa bila kuishiwa pumzi? Akisema “sioni shida” kwa mdomo, muombe sahihi. Mtu akishika kalamu hufikiri mara ya pili.

Hatua ya 4: Hoji kituo kabla ya kulipa

Usinunue mbizi kwa kijana wa ufukweni kwa sababu bei yake ni nusu. Ingia ofisini, omba kuona mtungi wa oksijeni wa dharura, na uombe ufunguliwe mbele yako. Oksijeni iliyoisha wiki jana ni chuma tu. Uliza kama itakuwa ndani ya mashua au imebaki ofisini, na kama inatosha kukufikisha nchi kavu kutoka mahali mnapozamia.

Kisha uliza: mtu akipata ugonjwa wa viputo leo, mnampeleka chemba ipi ya shinikizo (chumba cha kutibia ugonjwa huo), na imethibitishwa lini kwamba inafanya kazi? Jibu zuri lina jina la mahali na jina la mtu wa kupigiwa. Jibu la “haijawahi kutokea kwetu” lisikuridhishe. Bima ya wazamiaji ni jambo la lazima kwako; Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, lina tawi la Kusini mwa Afrika linalohudumia pia wazamiaji wa huku. Unapojiunga taja hali yako ya damu, maana ukiificha unaweza kunyimwa malipo siku unapoyahitaji.

Hatua ya 5: Chagua siku na mahali

Kaskazi, kuanzia karibu Novemba hadi Machi, maji huwa meupe na tulivu. Kusi, hasa Mei hadi Agosti, bahari huchafuka na maji hupoa hadi karibu nyuzi 25. Hiyo si baridi ya kutisha, lakini saa nzima ndani yake hutoa joto mwilini, na baridi ni moja ya vinavyoamsha selimundu. Vaa suti ya milimita 5 wakati wa kusi, na 3 wakati wa kaskazi. Usione haya kuvaa kofia ya mpira wenzako wakiwa na fulana.

Mwezi uangalie pia. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwenye milango ya mwamba mkondo hukimbia. Mzamiaji wa AS hataki kupiga mapezi kwa nguvu dakika 20 mfululizo. Waulize wazee wa bahari, watakupangia kwa mwezi wa Kiislamu: maji mafu, yaani maji yasiyopanda wala kushuka sana, huja tarehe nane na tisa, kisha tena ishirini na mbili mpaka ishirini na nne. Siku hizo ndizo zako.

Anza na miamba ya mita 10 hadi 12. Meli ya MV Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki, ni nzuri na kila mtu ataitaja, lakini iko kwenye kina cha karibu mita 30. Iache mpaka umezoea mwili wako chini ya maji na una cheti cha kina hicho. Kituo kikiwa na mchanganyiko wa oksijeni asilimia 32, na umesomea kuutumia, ni chaguo zuri kwa mbebaji kwa sababu unabeba naitrojeni kidogo. Utumie kwa mipaka ya muda ya hewa ya kawaida, na usipite mita 30.

Hatua ya 6: Maji, maji, maji

Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote kwa wabebaji, kwa sababu iko mikononi mwako na watu huipuuza.

Anza jana yake. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima, usingoje asubuhi ukajaza lita mbili kwa mkupuo. Mbebaji asitegemee sana rangi ya mkojo, kwa kuwa figo zake huweza kutoa mkojo mweupe hata mwili ukiwa umekauka. Angalia mdomo mkavu, kichwa kuuma, uchovu usio na sababu. Hewa ya mtungini ni kavu, na kila pumzi utakayotoa dakika 45 itaondoka na unyevu wako. Ongeza jua la kwenye mashua na kutapika kwa mawimbi, na utaona mtu anavyofika majini akiwa tayari ana deni.

Dafu moja asubuhi na jingine baada ya mbizi ni rafiki mwema. Pombe ya jana usiku, muguka na miraa viache. Pwani hii muguka umekuwa wa kutafunwa kila kona, na anayekesha nao hafiki bahari akiwa amelala wala amekunywa maji. Na mwezi wa Ramadhani, ukifunga usizamie. Sheria ya bahari na sheria ya saumu haziwezi kutimizwa pamoja mchana, na bahari ipo baada ya Idi.

Homa, kuharisha au malaria ya wiki hii: ahirisha.

Hatua ya 7: Ukiwa chini

Mwenzako wa mbizi ajue herufi zako na mahali ulipoweka karatasi. Shuka polepole ukisawazisha masikio kila mita moja. Likigoma, panda kidogo ujaribu tena, na likizidi kugoma mbizi imeisha. Wenye shida ya kuganda damu wasilazimishe hata mara moja.

Pumua mfululizo, usibane. Mkondo ukikuzidi, shika mwamba uliokufa au geuka mwende nao, mashua itawafuata. Rudi juu mtungi ukiwa na akiba nzuri. Panda kwa mita 9 kwa dakika au pungufu, na simama mita 5 kwa dakika 3 au zaidi hata kama kompyuta yako ya kuzamia haijadai. Mbizi moja kwa siku yakutosha mwanzoni.

Ukifika mashuani, mpe nahodha mtungi auvute yeye. Kupanda ngazi na kilo zaidi ya 15 mgongoni ndiyo kazi nzito kuliko zote za siku hiyo, na huja wakati mwili umejaa naitrojeni.

Hatua ya 8: Maumivu yoyote baada ya mbizi

Goti, bega, nyonga au mgongo ukiuma baada ya kutoka majini, mwenye selimundu huwaza yaleyale aliyoyazoea: nimeshikwa, nimeze dawa nilale. Hapo ndipo siku hupotea. Maumivu ya viputo na maumivu ya selimundu hufanana sana, nawe huwezi kuyatenganisha kwa kuhisi. Yahesabu kuwa ni viputo mpaka daktari anayejua mambo ya kuzamia aseme sivyo.

Lala chali, vuta oksijeni tupu kwa barakoa inayobana, na usiivue kwa sababu umepata nafuu. Oksijeni husaidia hali zote mbili. Kama una fahamu na hutapiki, kunywa maji. Usirudi majini ukidhani kina kitakuponya. Ambaye damu yake haigandi vizuri asimeze aspirini. Piga simu ya bima, kisha nenda hospitali na mtu anayeweza kusema kwa sentensi moja: kina, muda, saa aliyotoka, na “ni mbebaji wa selimundu” au “anatumia warfarini.” Ganzi, kushindwa kukojoa, kizunguzungu au miguu kulegea ni dharura ya kukimbia nayo.

Hatua ya 9: Safari ya Nairobi

Wageni na wenyeji wote hujua habari ya ndege: subiri saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau 18 kama ulizamia mara kadhaa au siku mfululizo. Wachache hukumbuka treni na basi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kwa mwili wako kupanda huko kwa reli ni sawa na kupanda ndani ya ndege. Hata Wundanyi, kwenye vilima vya Taita, ni juu mno kwa jioni ya siku ya mbizi. Kwa mbebaji kuna sababu nyingine, kwamba mwinuko wenyewe hupunguza oksijeni wakati mwili bado unatoa naitrojeni na una kiu.

Mwenye shida ya damu ningependa angoje saa 24 kamili. Kama tiketi yako ya treni ni ya Jumapili alasiri, mbizi yako ya mwisho iwe Jumamosi asubuhi, na Jumamosi jioni ukae hapahapa usawa wa bahari, unywe maji na ule vizuri.